Kingamwili na Saratani: Maswali Tunayoulizwa Dirishani

Nafanya kazi maabara, hapa Moshi mjini, upande wa damu. Dirisha letu la kupokelea sampuli ni dogo, na watu huinama kuniuliza yale wanayoona haya kumuuliza daktari. Tangu magrupu ya WhatsApp yaanze kusambaza habari za "kipimo cha damu kinachoona kansa miaka mitano kabla", maswali yamezidi sampuli. Nimeyaandika hapa kama yalivyokuja, na majibu niliyoyatoa, pamoja na yale niliyotakiwa kuyatoa siku hiyo ila foleni ikawa ndefu.

Kingamwili ni nini hasa?

Ni protini zinazotengenezwa na seli nyeupe za damu ziitwazo seli B. Umbo lake ni la panda la manati: mpini mmoja, ncha mbili. Ncha ndizo zinazoshika, na kila seli B hutengeneza ncha za aina moja tu, zinazokubali kitu kimoja kama ufunguo na kufuli yake. Kile kinachoshikwa huitwa antijeni. Wapo wanaoziita kingamwili antibodi. Ni kitu kilekile.

Shika tofauti hiyo ya kinachoshika na kinachoshikwa, maana nusu ya maswali ya hapa chini yanatokana na kuvichanganya.

Lakini kansa si nyama ya mwili wangu mwenyewe? Mwili utaijuaje kuwa ni adui?

Aliyeuliza hili ni fundi wa magari, na amewapita wanafunzi wengi waliokuja kwetu kwa mafunzo. Ni kweli, saratani si mdudu kutoka nje. Ni seli zako zilizoacha kutii. Kinga ya mwili hufundishwa tangu mapema kuwaacha wenyeji, ndiyo maana seli nyingi za saratani hupita bila kusumbuliwa. Ila zinapoharibika huanza kutoa protini kwa namna isiyo ya kawaida, na hapo baadhi ya seli B hushtuka.

Protini inayojulikana zaidi ni p53. Katika seli nzima kazi yake ni kusimamisha mgawanyiko pale vinasaba vinapoharibika, na ikishamaliza kazi huvunjwavunjwa upesi, haikai. Katika karibu nusu ya saratani zote za binadamu, jeni yake huwa imeharibika. Protini inayotoka ni mbovu na, zaidi ya hapo, haivunjwi. Inarundikana. Seli ikifa na kupasuka, rundo lote linamwagika nje, mbele ya macho ya kinga. Ni kama jirani ambaye hukuwahi kumwona ana gunia la mahindi, halafu asubuhi moja unakuta magunia mia mbili barabarani. Lazima uulize.

Protini nyingine si mbovu, ila zimezidi. HER2 ipo kwenye titi lisilo na tatizo lolote, lakini katika baadhi ya saratani za matiti huwa nyingi mno. Nyingine ni nzima na wala si nyingi, ila zimetokea pasipo pake, na hizo zinastahili swali lao. Kundi la mwisho ni protini za virusi vinavyosababisha saratani, kama E6 ya kirusi cha HPV. Hizo ni za mgeni kweli.

Protini "pasipo pake" maana yake nini?

Chukua mfano wa NY-ESO-1. Kwa mtu mzima, kawaida yake ni kuwepo kwenye korodani tu, mahali ambapo kinga ya mwili haifiki kwa urahisi. Ikitokea kwenye pafu au kwenye ngozi, mwili huiona kama kitu ambacho haukuzaliwa nacho.

Jina lake linatuhusu sisi wa mlimani. NY ni New York, ilikogunduliwa mwaka 1997, na ESO ni umio, yaani mrija unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Watafiti walichukua damu ya mgonjwa wa saratani ya umio wakaitumia kama ndoano: kingamwili zake zilishika nini katika uvimbe wake mwenyewe? Zikaikamata protini hiyo. Mbinu yenyewe ilikuwa imeanzishwa Ujerumani miaka miwili kabla na kundi ambalo ndani yake alikuwemo Ugur Sahin, yule aliyekuja kuanzisha BioNTech, kampuni ya chanjo ya Uviko.

Saratani ya umio ni ya kwetu. Iko kwa wingi kwenye ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na Afrika Kusini, na Kilimanjaro imo ndani. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliopima joto la chai mkoani kwetu wakati watu wanaanza kuinywa: wastani ulizidi nyuzi 70. Mwaka uliofuata, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likasema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Mimi mwenyewe nililelewa na bibi aliyeamini chai isiyounguza ulimi ni maji ya kuoshea vikombe. Sasa naiacha ipoe, na mashemeji wananicheka.

Kama mwili umeshatengeneza kingamwili, kwa nini haziui hiyo kansa?

Kwa sababu nyingi haziwezi kuifikia. Protini ya p53 hufanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha seli, na kingamwili ni molekuli kubwa isiyopenya ukuta wa seli iliyo hai. Inazishika p53 zilizomwagika nje tu. Wezi wamo ndani wamejifungia, polisi anaokota takataka walizotupa dirishani.

Kazi ya kuua seli iliyoharibika ni ya seli T zaidi, aina nyingine ya seli nyeupe za damu, na saratani imejifunza kuzikanyagia breki. Kuzilegeza breki hizo ndiko kulikowapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018. Kwa hiyo kingamwili nyingi tunazozungumzia hapa ni mashahidi. Usizihesabu kama askari.

Nikipimwa nikakutwa nazo, basi nina kansa?

Hapana. Hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza usingizi na pesa.

Tuseme tumewapima watu 1,000 pale soko la Kiborloni, wauzaji na wanunuzi, bila kuchagua. Tuseme 5 kati yao wana saratani fulani bila kujua. Na tuseme kipimo chetu kinawagundua wagonjwa 40 katika kila 100, na kinawasingizia wazima 10 katika kila 100. Nimeviweka viwango hivi kwa mfano, ila haviko mbali na vile vilivyotangazwa kwa kipimo cha namna hii cha saratani ya mapafu.

Sasa hesabu. Kati ya wale wagonjwa 5, kipimo kinawaona 2. Kati ya wazima 995, kinawasingizia karibu 100. Watu 102 wanarudi nyumbani na karatasi yenye neno "chanya", na wenye saratani kweli ni wawili tu. Wale mia watauza mbuzi, watakopa kwenye vikoba, watapigwa picha za CT, wengine watakatwa vinyama vya kupimwa bila sababu. Wagonjwa watatu waliobaki wako mtaani wanacheka, wameambiwa wako salama.

Hesabu hii haimaanishi kipimo ni cha uongo. Kwa watu ambao tayari wana hatari kubwa, mfano wavutaji wa miaka mingi, wagonjwa kwenye lile kundi la 1,000 huwa wengi zaidi, na jibu chanya linapata uzito. Kwa mtu aliyechukuliwa tu sokoni, ni mawingu juu ya kilele cha Kibo. Kila asubuhi yapo. Mjini mvua hainyeshi kila siku.

Na nisipokutwa nazo?

Hujaambiwa kitu. Wagonjwa wengi wa saratani, tena iliyokomaa, hawana kingamwili hizi kabisa. Mwaka 1982 watafiti wa Uingereza walipozitafuta za p53 kwa wagonjwa wa saratani ya titi, walizikuta kwa takriban 9 katika kila 100. Uvimbe ukiwa unaonekana kwa macho na kipimo cha damu kikasema "hasi", uamini uvimbe.

Kuna mahali zinatumika kweli, au ni habari za mtandaoni?

Zinatumika. Japani wanapima kingamwili za p53 kama nyongeza kwa saratani ya umio, ya utumbo mpana na ya titi, na bima yao inalipa. Madaktari wa huko hutazama pia kama kiwango kinashuka baada ya upasuaji. Kinashuka polepole, kwa sababu kingamwili aina ya IgG hupungua nusu kila baada ya wiki tatu hivi. Usitegemee kitu wiki moja baada ya mgonjwa kutoka thieta.

Jaribio kubwa lilifanyika Scotland. Watu 12,208 wenye umri wa miaka 50 hadi 75, wengi wao wavutaji, waligawanywa mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu moja lilipimwa kingamwili za protini saba, na waliokutwa nazo wakafuatiliwa kwa picha za eksirei na CT. Baada ya miaka miwili, fungu lililopimwa lilikuwa na saratani chache zaidi zilizogunduliwa zikiwa zimeshasambaa. Hiyo ni habari njema. Lakini kwa vifo, muda huo haukutosha kuonyesha tofauti ya uhakika. Na angalia: kila mwenye jibu chanya alikuwa na CT inayomsubiri, iliyolipiwa. Kipimo cha damu peke yake, bila kinachofuata, ni nusu ya safari, tena ile nusu isiyotibu mtu.

Shirika la Afya Duniani halijapendekeza kupima watu wote kwa njia hii. Anayekuuzia kama "cheki ya mwili mzima" amekwenda mbele ya sayansi, na ameenda na pochi yako.

PSA na CA-125 nilizopimwa mwaka jana si ndizo hizi?

Sizo. Hizo ni protini zenyewe, upande wa kinachoshikwa. CA-125 hutazamwa zaidi kwa saratani ya kifuko cha mayai. PSA hutoka kwenye tezi dume, na hupanda kwa saratani, kwa uvimbe wa kawaida wa uzeeni, hata kwa maambukizi. Kinachowachanganya watu ni kwamba mashine yetu hutumia kingamwili za kiwandani ili kuikamata hiyo PSA. Hizo ni za kopo la dawa, hazikutoka kwako.

Binti yangu alichanjwa HPV shuleni. Siku akipimwa si ataonekana ana kansa?

Mama, ondoa hofu. Chanjo inamfundisha mwili wake kutengeneza kingamwili dhidi ya ganda la nje la kirusi, ili kisiingie kabisa. Kingamwili zinazohusishwa na saratani ni nyingine, za protini ya E6, ambayo haimo ndani ya chanjo. Hiyo hutengenezwa na kirusi kikiwa kimeshakaa ndani ya seli na kuiharibu. Kwa saratani ya koo inayoletwa na HPV ya aina ya 16, kingamwili za E6 zimewahi kuonekana kwenye damu zaidi ya miaka kumi kabla ya ugonjwa kugundulika, na nadhani habari ya WhatsApp ya "miaka mitano kabla" imetokana na hapo, ikapotoshwa njiani.

Mkoa wetu ndio uliojaribiwa kwanza chanjo hii, kuanzia 2014, kabla ya kuenea nchi nzima mwaka 2018. Siku hizi ni dozi moja. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo chanjo hii inaikinga, wewe mama mwenyewe huhitaji kingamwili yoyote: nenda kituo cha afya ukapimwe kwa siki. Ni dakika chache na majibu unapata palepale.

Shangazi ameandikiwa dawa ambayo ni kingamwili. Kwa nini asitumie zake?

Zake hazitoshi, na huenda hana kabisa. Tangu mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein walipopata njia ya kuifanya seli moja itengeneze kingamwili ya aina moja bila kukoma, viwanda vinaweza kuzitoa kwa wingi. Trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hushika HER2, na HER2 inasimama juu ya ukuta wa seli, inafikika. Ndiyo tofauti yake na p53. Dawa hiyo humfaa mgonjwa ambaye uvimbe wake una HER2 nyingi, kwa hiyo kile kinyama lazima kipimwe kwanza. Muulize shangazi kama jibu hilo lipo kwenye faili lake.

Mdogo wangu wa kike alianza ghafla kuona watu wasiokuwepo, akawa anaongea peke yake, kisha degedege. Mtu akatuambia ni kingamwili. Kweli?

Hili niliulizwa kwa sauti ya chini sana, na kaka mtu aliyeuliza alikuwa ameshazunguka kwa waombaji watatu. Nalijibu kwa kirefu kwa sababu kuna familia nyingine inaisoma sasa hivi.

Inawezekana. Mara chache, kingamwili zinazoamshwa na uvimbe hukosea njia. Uvimbe huwa unatoa protini ileile iliyopo kwenye ubongo au mishipa ya fahamu, mwili ukajibu, na majibu yakaangukia ubongo. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambamo kingamwili hushambulia vipokezi vya NMDA, sehemu za seli za ubongo zinazopokea ujumbe. Huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Huanza kama wazimu: hofu, maneno yasiyoshikana, kukosa usingizi. Kisha degedege, mwili kukakamaa, midomo kuchezacheza, hata kushindwa kupumua. Kwa sehemu ya wagonjwa, chanzo ni uvimbe kwenye kifuko cha mayai uitwao teratoma, ambao unaweza kuwa na nywele, meno na tishu za ubongo ndani yake. Unaweza kufikiri ni hadithi ya kichawi, ni patholojia.

Uvimbe ukitolewa na kinga ikatulizwa kwa dawa, wengi hupata nafuu kubwa, ingawa kwa miezi. Wapo pia wanaoupata bila uvimbe wowote, na hao nao hutibika. Kwa wanawake wakubwa wenye saratani ya titi au ya kifuko cha mayai kuna kingamwili nyingine, iitwayo anti-Yo, inayoharibu sehemu ya ubongo inayosimamia mwendo. Mtu huanza kuyumba kama aliyekunywa mbege, na pengine hapo saratani yenyewe haijajulikana.

Sisemi kila anayeona maruweruwe ana ugonjwa huu. Malaria kali na homa ya uti wa mgongo ni za kawaida zaidi na lazima ziondolewe kwanza. Ila akibadilika ghafla tabia, na degedege juu yake, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Maombi yanaweza kuendelea wodini.

Nina VVU. Au: niliugua sana malaria utotoni. Au: nina baridi yabisi. Vinaharibu majibu?

Vinaweza. Malaria ya mara kwa mara na VVU huzichokoza seli B zikatoa kingamwili za kila namna, pamoja na zisizo na kazi. Lupusi na baridi yabisi ni magonjwa ambayo mwili tayari unajishambulia. Vipimo vingi vya kingamwili za saratani vilipangiwa mipaka yake Ulaya, Japani na China, kwa damu za watu wa huko. Mpaka kati ya "chanya" na "hasi" uliowekwa kwa damu ya Nottingham, Uingereza, haujahakikishwa kwa mtu aliyekulia Mto wa Mbu.

Kuna mashine ya kushika mkononi, inatoa majibu ya kansa na kila kitu kwa dakika tano. Ina kingamwili?

Haichukui hata damu, itapata wapi kingamwili? Meku (mzee) mmoja wa Kibosho aliniletea kurasa kumi na mbili za majibu ya mashine hiyo, aliyopimwa kwenye ukumbi mmoja mjini. Ilimkuta na "sumu kwenye kizazi". Ni babu wa wajukuu tisa.

Kuna cha kula ili kingamwili za kansa ziongezeke?

Hakuna. Mlonge ni mboga nzuri, kitunguu saumu kitamu kwenye nyama. Tuliokuwepo mwaka 2011 tunakumbuka foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kilichosemwa kinaponya kila kitu, na tunawakumbuka walioacha dawa zao.

Chakula kinanikwama kifuani, ugali haushuki mpaka ninywe maji. Nipime kingamwili gani?

Hakuna, ndugu yangu, na usije dirishani kwangu kwanza. Kukwama kwa chakula, kuanzia vigumu kisha hata uji, pamoja na kukonda, kunahitaji kamera: mrija mwembamba unaoshuka kooni, daktari anaangalia umio kwa macho na kuchukua kinyama kama anaona kitu. Hospitali ya KCMC hapa Moshi wanafanya. Ukiwa Arusha anzia Mount Meru au hospitali iliyo karibu nawe, uombe rufaa. Daktari aliyekuandikia dawa za vidonda vya tumbo kwa mara ya tatu bila kukupeleka kwenye kamera, mwambie kwa heshima kwamba ugali bado haushuki. Usile kitu usiku wa kuamkia kipimo, na njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani.